Anayevuka Kyaka Ana Deni

Basi linalotoka Bukoba kwenda Mtukula likifika Kyaka huuvuka Mto Kagera kwa muda mfupi mno. Ndani, abiria mmoja anatafuna senene, mwingine amezama kwenye simu, konda anadai nauli. Nje limesimama gofu la kanisa lililoharibiwa vitani. Wanaoinua macho kulitazama ni wachache.

Novemba 1978 majeshi ya Idi Amin, mtawala wa Uganda, yalivunja daraja la hapo, baada ya yeye kutangaza kuwa ardhi yote iliyo ng'ambo ya kaskazini ni mali ya Uganda. Walioikomboa ni askari wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) na wanamgambo, raia walioacha majembe wakashika bunduki. Walisonga mbele mpaka Kampala ikaanguka, tarehe 11 Aprili 1979. Wengi wa waliouawa wamelazwa Kaboya, wilayani Muleba, safu kwa safu kama walio kwenye gwaride.

Kila tarehe 25 Julai taifa huwaenzi mashujaa wake kwa mkuki, ngao na shada la maua. Heshima hiyo ni ya lazima, lakini haitoshi. Wao walitoa uhai wote. Sisi hatuwezi kuwalipa kwa asubuhi moja ya mwaka, kisha siku zilizobaki tukapita juu ya mto ule kama watu wasiodaiwa. Hiyo ni fadhila ya punda.

Tunasema bila kumung'unya maneno: kijana asiyejua Kaboya ni nini hana kosa. Kosa ni letu tuliomlea. Mwalimu anayewapeleka wanafunzi mkoani Kagera kwa ziara ya mafunzo, akawarudisha bila kuwafikisha kwenye makaburi yale, hajamaliza kazi yake. Mzazi anayesafiri na mwanawe akamwonyesha ziwa na migomba, akanyamaza wanapofika darajani, amemnyima urithi wake. Na msafiri anayedhani amani ya barabara ile imekuja yenyewe, ajue kuna waliokufa wakiitafuta.

Shukrani ni wajibu, haingoji mwaliko wala kalenda. Ukivuka Kyaka, tia simu mfukoni, litazame gofu lile, kisha mweleze aliyeketi kando yako ni akina nani waliokufa ili ninyi wawili mpite salama.