Kipimo kimoja pa kuzaliwa, ao vipimo mia kisha?

Katika familia zetu za migodi, kutoka Kolwezi mpaka Likasi na Lubumbashi, kuko nyumba nyingi ambamo lopitali inakuwa nyumba ya pili mara tu mtoto anapofikisha miezi sita ao saba. Mtoto alizaliwa muzuri, kilo zake zilipanda pa CPS, chanjo zote alipata. Kisha homa inaanza. Wanapima malaria, wanatoa dawa, mama anarudi nyumbani. Juma mbili zinapita, mikono na miguu ya mtoto inavimba, analia usiku mzima. Wanapima tena malaria, wanapima mkojo, choo, damu. Serumu inatiwa. Damu imepunguka, wanaomba ndugu waje kutoa ingine. Mwisho wa mwezi kuko karatasi nyingi ndani ya sashe, lakini jina la ugonjwa haliko.

Tunajua bei ya mwendo huu. Baba anaomba avansi pa kazi, anakatiwa. Kama hana mushahara, anaenda kukopa kwa wale tunaoita «Banque Lambert», na faida yao inakula mafungu ya mwezi unaofuata. Mama anaacha soko. Watoto wakubwa wanarudishwa masomoni juu ya feza ya shule. Tena maneno yanaanza: «Huyu mtoto, kwa upande wa mama kuko kitu.» Tumeona ndoa zikivunjika juu ya maneno ya namna hiyo.

Si kila homa ya mtoto inatoka kwa shina moja. Malaria iko kweli, na inaua. Lakini wakati homa, kuvimba kwa vidole na upungufu wa damu vinarudia-rudia, kuko ulizo moja ambalo lilipaswa kuulizwa mapema: mtoto huyu, hemoglobini yake ni AA, AS ao SS?

Ugonjwa unaotoka kwa wazazi wawili

SS, ao drepanositozi, si neno geni kwetu. Kongo ni moja ya inchi zenye watoto wengi sana wa SS katika dunia. Pa watoto 100 wanaozaliwa, kadiri ya 1 ao 2 wanaukuwa nao. Tena kadiri ya mtu 1 kwa 4 ao kwa 5 anabeba AS, anatembea, anashuka mu shimo, anazaa, na hajue kitu. Sababu ya wingi huo inajulikana: mwenye AS anakingwa kiasi na malaria kali, kwa hiyo pahali malaria ilipo tangu zamani, AS nayo ilienea.

Mtoto wa SS anazaliwa wakati baba ametoa S moja na mama ametoa S moja. Kama wote wawili ni AS, kila mimba iko na bahati moja kwa nne ya kuwa SS. Kila mimba, si mtoto wa nne. Hesabu hii peke yake inapaswa kufunga mdomo wa wale wanaomhukumu mama, juu hakuna mtoto wa SS ambaye baba yake hakuleta sehemu yake.

Kwa nini basi ugonjwa unajificha miezi ya kwanza? Mtoto mchanga anazaliwa bado na hemoglobini ya tumbo la mama, na ile inamkinga. Inapopunguka, karibu na mwezi wa sita, chembe za damu zinaanza kujikunja, zinaziba mishipa midogo. Kuvimba kwa mikono na miguu mara nyingi ndiyo alama ya kwanza. Hapa ndipo familia inapotea njia: huduma ya bure ya kuzaa, ile serkali ilianzisha Kinshasa katika mwezi wa tisa 2023 na ambayo inasongea pole pole kwenye majimbo mengine, inamwangalia mama na mtoto wa siku za kwanza. SS inaanza kusema wakati siku zile zimekwisha. Mlango wa bure umefungwa, na sasa kila kipimo kiko na bei.

Kwa nini hawapime?

Sababu ya kwanza ni vyombo. Kipimo chenye kuonyesha wazi AA, AS na SS kinaitwa elektroforezi, na kinapatikana katika labo kubwa chache tu. Katika santre nyingi za kartie wanafanya Emmel. Emmel inaonyesha kama chembe zinajikunja, lakini haitofautishe vizuri AS na SS, na kwa mtoto mchanga inaweza kudanganya. Familia nyingi zimerudi nyumbani na neno «pozitif» bila kujua mtoto ni mgonjwa ao ni mbebaji tu. Tena, kama mtoto ametiwa damu siku hizi, elektroforezi inasoma pia damu ya yule aliyemsaidia. Mara nyingi inaomba kungoja kadiri ya miezi tatu. Kwa hiyo mama asinyamaze pa labo, aseme: «Huyu mutoto balimutia damu tarehe fulani.»

Leo kuko kipimo cha haraka: tone moja la damu ya kisigino ao kidole, dakika chache, bila umeme, na bei yake ni dola chache. Hakiombe labo kubwa. Kinaomba mtu aliyefundishwa na mtu wa kukilipa. Kazi ya kukusanya watoto imekwisha kufanywa, juu wamama wetu wanakuja wenyewe pa kuzaa, tena pa chanjo ya juma la 6, la 10 na la 14. Kwa maoni yetu, pale ndipo kipimo cha SS kinapaswa kuwekwa, kwa mtoto yote, bila kungoja mikono ivimbe.

Nani alipe?

Hapa tunafika kwa jambo ambalo halisemwe sana: katika inchi ya migodi, mtoto anapimwa kufuatana na kontra ya baba yake. Wazee wetu wanakumbuka lopitali za Union Minière na kisha za Gécamines, ambamo mke na watoto wa mfanyakazi walipokelewa. Kampuni iliporegea, na zaidi ya wafanyakazi 10 000 wakatoka kwa departs volontaires za mwaka 2003, ile mlango ilifungwa kwa nyumba nyingi.

Leo kuko wababa wa namna tatu. Wa kwanza ana kontra ya kampuni na kadi ya matunzo. Wa pili anavaa kofia ile ile, anaingia mgodi ule ule, lakini analipwa na sous-traitant ao ni journalier. Wa tatu anachimba kwa mikono yake na hana mwajiri. Mtoto wa SS wa wababa hao watatu anaumwa sawa sawa.

Kwa wa pili, sheria inasema zaidi kuliko tunavyofikiri. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inamwomba kila mwajiri amtunze mfanyakazi pamoja na familia yake: munganga, dawa, kulala pa lopitali. Haisemi «kampuni kubwa tu». Na journalier aliyetimiza siku 22 za kazi ndani ya miezi miwili, akiingizwa tena kazini mbele ya miezi hiyo kuisha, anahesabiwa kuwa na kontra isiyo na mwisho. Kwa hiyo karatasi za pwentaji zichungwe vizuri. Siku mtoto anaanguka, karatasi ile inaweza kumfungulia lopitali.

Kwa wa tatu, mwajiri hayuko, lakini feza ya migodi iko. Sheria ya migodi ya mwaka 2018 inaomba kampuni zitoe angalau 0,3% ya mauzo yao kwa maendeleo ya watu wa pale wanapochimba, na zitie saini «cahier des charges» pamoja nao. Tena, pa ile malipo ya redevance, 15% inaenda kwa komini, shefeli ao sekta ya pale mgodi uko. Tunaona masoko, madarasa na barabara zikijengwa kwa feza hizo, na hatukatae. Lakini darasa linaonekana kwa picha, kipimo cha mtoto hakionekane. Ndiyo sababu hakuna mtu anakiomba.

Kinachobadilika mtoto akijulikana

Wengine watasema: «SS haiponi, kupima inasaidia nini?» Inasaidia mingi. Mtoto anayejulikana mapema anapewa penisilini kila siku mpaka miaka 5, juu mikrobi zinamuua mbele ya maumivu. Anakamilisha chanjo, analala chini ya musikitero, anakunywa maji mengi, anachungwa na baridi. Mama anajua kwamba homa ya 38,5 haingoje kesho. Anafundishwa kushika upande wa kushoto wa tumbo, kujua kama bandama inavimba ghafula.

Kisha kuko dawa ya hidroksiurea. Uchunguzi uliofanywa kwa watoto 606 wa miaka 1 mpaka 10 katika Angola, Kenya, Uganda na Kongo yetu, kule Kinshasa, ulitoa matokeo katika mwaka 2018: maumivu yalipunguka, kutiwa damu kulipunguka, malaria na vifo pia. Dawa hii inaomba damu ipimwe kila mara. Vipimo havitaisha, hatudanganye mtu. Lakini vipimo vya sasa vinajua vinatafuta nini, na familia inaweza kuvipangia feza kama inavyopanga unga na nyumba.

Kwa hiyo tunasema hivi. Wenye mimba na wenye mtoto mchanga, ombeni kipimo cha hemoglobini, na mtaje elektroforezi ao kipimo cha haraka, si Emmel peke yake. Vijana wanaotaka kuoana, jueni AA ao AS yenu mbele ya mahari. Wababa, mwende lopitali pamoja na wamama, juu S moja ni yenu. Wajumbe wa sendika, leteni matunzo ya familia za sous-traitants juu ya meza. Na wale wanaotusimamia katika mazungumuzo ya «cahier des charges», andikeni mustari huu pamoja na shule na visima: kupima SS kwa kila mtoto anayezaliwa katika muji wetu, baba yake awe na kontra ao asiwe nayo.