KINU KIKISIMAMA, TUSILAUMIWE SISI

Ndugu wafanyakazi,

Kila mara kiwanda kinaposimama, mabwana wakubwa huimba wimbo mmoja tu. Wafanyakazi ni wavivu. Wafanyakazi ni wengi kupita kiasi. Wafanyakazi wanajua kudai mishahara tu. Sisi watu wa reli tunaujua wimbo huo, na ndugu zetu wa viwanda vya sukari kule Awendo na Ndhiwa wanaujua pia. Leo tunataka kuujibu.

Wengi wetu ni watoto wa Migori na Homa Bay. Reli haikufika kwetu. Ilifika Kisumu mwaka 1901, ikaishia ziwani, nasi tukaifuata kutafuta kazi. Lakini wake zetu, wazee wetu na mashamba yetu yako huko nyumbani, tena baadhi ya ndugu zetu wa tumbo moja wanafanya kazi katika vinu vya miwa. Kwa hiyo kinu kinapozimwa Awendo, njaa inabisha hodi mpaka katika kota zetu za reli. Jambo hili ni letu.

Kampuni ya Sukari ya South Nyanza iliundwa mwaka 1976 hapo Awendo. Baadaye vikaja viwanda vingine, kimoja Ndhiwa katika Homa Bay, na kingine Transmara upande wa Kilgoris. Mwezi wa Julai mwaka 2023 serikali iliamuru viwanda vya sukari vya upande wa magharibi ya nchi viache kusaga kwa miezi kadhaa, kwa sababu miwa iliyobaki shambani ilikuwa changa. Mwaka 2025 serikali ikakikodisha kiwanda cha Awendo, pamoja na viwanda vingine vitatu vya serikali, kwa makampuni ya watu binafsi kwa miaka 30. Sasa tunauliza: je, ni mfanyakazi wa boila aliyemaliza miwa? Ni mama anayefagia ofisi aliyesahau kupanda? Mkata miwa alipewa lini kalamu ya kupanga?

Tunasema hapana. Mkono haukulala. Kilicholala ni hesabu.

Na hesabu yenyewe si ya chuo kikuu. Sisi tuliosoma shule ya misheni mpaka darasa la nane tunaiweza. Tuifanye pamoja.

Tuchukue kiwanda chenye nguvu ya kusaga tani 3,000 za miwa kwa siku, kikifanya kazi siku 300 kwa mwaka. Kinahitaji tani 900,000. Tukisema hekta moja inatoa tani 60, basi lazima zivunwe hekta 15,000 kila mwaka. Lakini miwa si sukuma wiki. Ile ya kupandwa mara ya kwanza hukaa shambani miezi 18 hivi kabla ya kukomaa. Maana yake, ili uvune hekta 15,000 kila mwaka, lazima uwe na kama hekta 22,500 zenye miwa, nyingine ndogo, nyingine ya kati, nyingine iliyokomaa. Miwa itakayosagwa Julai 2028 yapasa kuwa imetiwa ardhini Januari 2027. Hakuna bwana awezaye kupiga simu mwezi wa Juni na kuagiza miwa ya Julai. Mungu hapokei oda za haraka.

Tuendelee. Kwa kawaida miwa tani kumi hivi hutoa sukari tani moja. Basi tani 3,000 za miwa ni tani 300 za sukari kwa siku, yaani magunia 6,000 ya kilo 50. Kwa mwezi wa siku 30 ni magunia 180,000. Nani ameyahesabu? Tuseme stoo ina magunia 50,000, na mengine 40,000 yako njiani. Yanayopungua ni 90,000. Ikiwa mwenye kuuza huchukua wiki sita kuyaleta, na wewe unayataka tarehe 1 Julai, basi oda itoke si zaidi ya tarehe 20 Mei. Ukiiandika tarehe 25 Juni, sukari itamwagwa wapi? Sakafuni? Halafu atafukuzwa mpakizi, ati hakujaza magunia.

Na chokaa ya kusafishia maji ya miwa ni hivyo hivyo, na salfa, na mafuta ya matrekta, na cheni, na visu, na beringi za roli za kinu. Kila kitu kina hesabu tatu: kinatakiwa kiasi gani, kipo kiasi gani, na kinachukua siku ngapi kufika. Toa kilichopo na kilicho njiani katika kile kinachotakiwa, kisha rudi nyuma katika kalenda kwa siku za kungojea. Hapo ndipo penye tarehe ya kuandika oda. Hakuna uganga mwingine.

Huko Marekani alikuwako mtu aitwaye Joseph Orlicky, ambaye katika miaka ya 1960 alipanga hesabu hii kwa kutumia mashine za kompyuta, na mwaka 1975 akaitungia kitabu. Neno lake kubwa lilikuwa hili: kile ambacho watu watanunua sokoni unaweza kukibahatisha tu, lakini vitu vinavyoingia katika kukitengeneza havibahatishwi, vinahesabiwa. Ukishajua utatengeneza matrekta mangapi, idadi ya magurudumu haina siri tena. Hivyo na sisi. Ukishajua utasaga tani ngapi, idadi ya magunia haina siri. Anayebahatisha hapo ni mvivu, hata akivaa tai.

Watu wa reli wanalijua jambo hili kwa machungu. Karakana moja, ambayo hatutaitaja, tuliona injini ya treni ikikaa juu ya reli wiki nyingi kwa kukosa beringi moja. Mafundi walikuwapo. Spana zilikuwapo. Taa zilikuwa zinawaka na mlinzi analipwa. Kila asubuhi tuliandika majina yetu, tukakaa, na jioni foromeni akasema, "Nendeni, kesho tutaona." Mwisho wa mwezi ovataimu ikakatwa na barua zikatoka kwamba kazi yetu ni duni. Na ile beringi? Ilikuwa imevunjika namna ile ile mwaka uliotangulia. Kila mtu alijua itavunjika tena. Hakuna aliyeiandika.

Katika sukari ubaya huo unazidi. Injini ikikaa wiki nzima haiozi. Muwa uliokatwa unataka kufika kinuni siku ya kwanza au ya pili, maana sukari yake hupungua kila saa inayopita. Kinu kikisimama kwa sababu ya cheni moja, matrela yanapanga foleni barabarani na miwa inakauka juani. Mkulima wa Uriri analipwa kwa uzito uliopungua, au halipwi. Mkata miwa haitwi kazini. Mwenye duka la Awendo hakopeshi tena. Cheni moja imekula watu wote hao.

Liko jambo jingine, nalo ndilo kubwa kuliko yote. Viwanda vya Awendo, Ndhiwa na Transmara vinatazamia miwa ya nchi moja, mashamba yanayopakana. Kila kimoja kikiandika katika daftari lake kwamba shamba la mzee fulani ni lake, basi shamba moja limehesabiwa mara tatu. Katika daftari miwa ni tele. Shambani ni ile ile moja. Kisha huanza kunyang'anyana: lori linakuja usiku, miwa ya miezi kumi na miwili inakatwa, mkulima anachukua pesa kwa sababu karo ya mtoto haingoji. Mwaka unaofuata hakuna kitu, na serikali inafunga vinu vyote. Huo ndio ulaji wa mbegu. Wazee wa Homa Bay na Kendu Bay waliona vinu vya kuchambulia pamba vikibaki kuta tupu. Kinu bila mali ya kutia ndani yake ni nyumba ya popo.

Watatujibu kwamba fedha hakuna. Tunasema, haswa kwa kuwa fedha ni haba ndiyo lazima tupange. Tajiri anaweza kukosea na kununua tena. Maskini akikosea analala njaa. Kipuri kilichoagizwa mapema huja kwa meli na kwa bei ya mapatano. Kipuri cha dharura huja kwa ndege, na mwuzaji anajua kwamba umebanwa. Tena tumeona stoo zilizojaa vitu visivyotakiwa na kukosa vinavyotakiwa: mpira wa gari lililokwisha uzwa upo, nati ya kinu haipo. Hiyo nayo ni fedha, imelala na kupata kutu. Injili ya Luka inamtaja mtu aliyeanza kujenga mnara bila kukaa kwanza kuhesabu gharama, naye akachekwa na wapita njia. Huyo angalau alichekwa yeye mwenyewe. Mabwana wetu wakishindwa kuhesabu, tunachekwa na kufukuzwa sisi.

Lakini ndugu, tusiseme ya wengine tu. Na sisi tuna hatia. Yuko mwenzetu anayechukua beringi stoo bila kutia sahihi katika kadi. Yuko anayeficha bolti sanduku lake ili asikose kesho. Yuko karani anayeandika 40 mahali palipo na 14, kwa sababu zile nyingine zimepita geti gizani. Kadi ya stoo ikisema uongo, hesabu yote ni uongo, hata ikifanywa na kompyuta ya Marekani. Mwizi wa nati moja anaiba mshahara wa watu wote. Chama kisimtetee mtu wa namna hiyo.

Basi tunadai haya, na tunaomba kila tawi liyajadili:

1. Wafanyakazi wapewe viti katika mkutano wa kupanga kazi ya mwezi na ya mwaka. Fundi anajua ni kitu gani kitavunjika kabla ya meneja.

2. Kila mwezi karatasi ibandikwe ubaoni: vitu vinavyotakiwa, vilivyomo stoo, vilivyoagizwa, na tarehe ya kufika.

3. Stoo ihesabiwe kila miezi mitatu mbele ya mjumbe wa chama.

4. Sheria ya Sukari ya mwaka 2024 ilirudisha Bodi ya Sukari ya Kenya. Kwa hiyo liwepo daftari moja la mashamba ya miwa kwa Migori, Homa Bay na Transmara, lenye tarehe ya kupanda, na shamba moja liandikwe mara moja tu.

5. Siku ambazo kazi inasimama kwa kukosa vifaa zisikatwe katika mshahara. Aliyekosa kupanga ndiye alipe.

Wenye kukodi kiwanda cha Awendo wana miaka 30 mbele yao. Watoto wetu walio darasa la kwanza leo watakuwa watu wazima kabla mkataba huo haujaisha. Tukinyamaza sasa, watakuja kusimama katika geti lile lile na kuambiwa maneno yale yale: nendeni nyumbani, tutawaita.

Haba na haba hujaza kibaba, lakini aliye na kibaba lazima ajue kinahitaji haba ngapi. Ulizeni hesabu, ndugu. Ulizeni kila mwezi. Msipojibiwa, ulizeni wote kwa sauti moja.

Umoja ni nguvu.

Mfanyakazi wa Reli, kwa niaba ya wenzake