Miaka 67 ya rubani: Marekani pekee haitoshi

Wanaotaka marubani Marekani wastaafu wakiwa na miaka 67 walikaribia kufanikiwa. Baraza la Wawakilishi lilipitisha nyongeza hiyo mwaka 2023, lakini sheria iliyotiwa saini Mei 2024 ilibakiza miaka 65.

Mashirika madogo ya ndege yalilalamikia uhaba wa marubani. Chama kikubwa cha marubani, ALPA, kilipinga, na hoja yake ilikuwa nzito. Tangu 2006 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) limeweka kikomo cha miaka 65 kwa safari za kibiashara zinazovuka mipaka. Rubani wa miaka 66 angeondolewa safari za nje, arudishwe njia za ndani, na huenda afunzwe upya kurusha ndege nyingine. Hiyo ni gharama juu ya gharama, huku vijana wakisubiri kupanda cheo.

Kwa mkulima wa maua Naivasha, ambaye mzigo wake hunyauka ukikosa ndege, jambo la kufuatilia ni uamuzi wa ICAO. Nchi moja ikibadili umri peke yake, ndege ya mizigo iendayo Amsterdam haipati rubani hata mmoja zaidi.