Klipu za Mbio Zisituzuzue, Wadau

Wadau, kuna dogo mmoja wa chuo huko Marekani, kwotabeki, klipu zake zimejaa kila kona. Anakimbia balaa, na watu washasema NFL anatoboa. Mimi bado. Kule hata mabeki wanene wana mbio! Nionyesheni akiwa kabanwa, mpokeaji wa kwanza kakabwa: anatulia amtafute wa pili, au anakurupuka?

Tom Brady alitumia sekunde 5.28 kukimbia yadi 40, akachaguliwa wa 199 mwaka 2000, akastaafu na pete 7. Ila Lamar Jackson naye walimwambia abadili namba, awe mpokeaji. 2019 akabeba MVP. Kwa hiyo dogo simfungii mlango. Ninachoogopa ni timu mbovu kumtupa uwanjani msimu wa kwanza. Watammaliza. Nyie mnaonaje?