Kufuli mlangoni, moto ndani: familia yenye mtoto wa otisme ijipange namna gani?

Tangu Nyiragongo ilipuke usiku wa tarehe 22 Mei 2021, wakaaji wa Goma wanajua kwamba amri ya kuhama inaweza kufika saa yoyote. Siku tano kisha, tarehe 27 Mei, kungali giza, gavana wa kijeshi aliomba wakaaji wa mitaa 10 kati ya 18 ya muji watoke haraka. Watu walijazana barabarani kuelekea Sake, wengine wakavuka kwenda Rwanda, wengine wakapanda mashua ya kwenda Bukavu. Kisha ule usiku wa kwanza tu, UNICEF ilisema watoto zaidi ya 150 wametengana na familia zao, na wengine zaidi ya 170 wanahofiwa kupotea.

Mtoto anayejua kusema jina lake na la mama yake anaweza kurudishwa kwao. Yule asiyesema anarudi namna gani?

Hapo ndipo linaingia swali la watu wenye usonji, ambao wengi huku tunauita otisme. Si ugonjwa wa kuambukiza, si pepo, na si matokeo ya malezi mabaya. Ni namna ambavyo ubongo umekua tofauti: mtu anaweza kuchelewa kusema ao asiseme kabisa, kusumbuliwa na kelele ao mwangaza, na kutaka kila jambo lifanyike vile alivyolizoea. Shirika la Afya Duniani, OMS, linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa nao. Kwa hiyo hakuna kartye kubwa isiyo na familia kama hiyo, hata kama majirani hawajui.

Mipango yote ya dharura inategemea kwamba mtu akisikia, ataelewa; akielewa, atakimbia. Kwa mtu mwenye otisme mambo yanaweza kwenda kinyume. Makelele ya watu, filimbi na milio vinaweza kumfanya azibe masikio na kujificha chini ya kitanda. Akiitwa jina, anaweza asiitike. Wengine hawaonyeshi maumivu hata wakiungua. Kuna pia anayetolewa nje, kisha anarudi ndani mbio sababu ndani njo mahali anapojua kuwa pa usalama. Mzima-moto ao askari asiyejua hilo atafikiri ni ukaidi, na atatumia nguvu.

Hatari kubwa zaidi iko mlangoni. Watoto wengi wenye otisme wanapenda kutoka na kutembea bila kuaga, na wengi wanavutwa na maji. Katika miji iliyo kando ya Ziwa Kivu, mzazi anafunga mlango na kufuli, anaweka vyuma dirishani, kisha anaenda sokoni. Anafanya vile kwa upendo. Lakini kama babula imeachwa na makala, ama mshumaa umeanguka wakati umeme umekatika, kufuli lile lile linalomkinga na ziwa linamfungia ndani ya moto. Katika mitaa ya Kadutu, kule Bukavu, nyumba za mbao zimeshikana na vijia ni vidogo, gari la wazima-moto haliwezi kufika kila mlango. Wa kwanza kufika ni jirani, na jirani hana ufunguo.

Suluhisho si kuacha mlango wazi. Ni ufunguo wa pili kubaki kwa jirani mmoja wa kuaminika, na mtoto asibaki peke yake na moto unaowaka, hata kwa dakika tano. Mlango unaweza pia kuwekewa kengele ndogo, kusudi mtoto akitoka isikike, bila kumfungia.

Kinachosaidia kisha hapo ni mazoezi. Mtu mwenye otisme mara nyingi anashika vizuri jambo linalorudiwa vilevile. Familia ichague njia moja ya kutoka na mahali pamoja pa kukutania, kama vile chini ya mti fulani, na iipitie kila juma, mchana kwanza, kisha usiku. Picha zilizobandikwa ukutani, moja baada ya nyingine, zinasema kuliko maneno mengi. Kila mkubwa wa nyumba ajue kazi yake: mmoja anamshika yule mtoto na hamwachi, mwingine anabeba wadogo.

Kifuko cha safari kiwe tayari: dawa kama anazo, chakula anachokubali, kitambaa ao kitu anachopenda, na kitu cha kuziba masikio. Ndani ya nguo ishonwe karatasi yenye namba mbili za simu na maneno machache: "Sisemi. Usinipigie kelele. Ita mama yangu." Jina lote na anwani si lazima viwekwe pale, sababu karatasi inaweza kuanguka katika mikono mibaya.

Lakini familia haiwezi kubeba mzigo huu peke yake. Ibara ya 49 ya Katiba inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kulindwa kwa hatua za pekee. Sheria-organiki namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda haki zake, na ibara ya 11 ya Mkataba wa kimataifa wa haki za watu wenye ulemavu inaomba Serikali iwalinde wakati wa vita na misiba. Kwa hiyo si kuomba huruma tukisema kwamba kila kambi ya wakimbizi wa ndani iwe na pembe tulivu, na kwamba familia hizi zisilazimishwe kusimama saa nyingi kwenye foleni ya chakula.

Chefu wa avenue naye angeweza kujua nyumba zipi zinahitaji msaada wa kwanza. Hapo wazazi wengi wanasita, na wana sababu: mtoto akishajulikana, kuna watakaosema amerogwa. Orodha inayozungushwa ovyo itawafichisha watoto zaidi. Kwa hiyo ianze kidogo: majirani watatu waliochaguliwa na mzazi mwenyewe, wanaojua jina analoitwa mtoto nyumbani, kinachomtuliza, na mahali anapojificha. Mtoto ambaye hakuna jirani anayejua kuwa yumo ndani ya nyumba, hakuna atakayeingia kumtafuta.