Bastola ya zamani: namba kwanza, urembo baadaye

Mfanyabiashara wa nafaka anayeishi mji wa mpakani na kulala na fedha za mauzo ndani ana bastola aina ya Browning Hi-Power, toleo lililoanza kutengenezwa Ubelgiji mwaka 1935. Anaimiliki kwa leseni. Weusi wake umepauka na kutu imeanza kuonekana. Rafiki zake wanamshauri aisugue na kuipaka nikeli, au abadilishe mtutu iwe ya kisasa. Tena wanamwambia fundi wa bei nafuu yuko ng'ambo ya mpaka.

Ushauri huo unaweza kumfikisha mahakamani.

Wafanyabiashara wa mpakani wanalielewa jambo hili vizuri. Lori ambalo namba ya chesisi hailingani na kadi halitoki getini, hata likiwa limepakwa rangi mpya. Bastola ni vivyo hivyo. Msasa hauchagui: ukimaliza kutu unakula chuma, pamoja na namba iliyochongwa juu yake. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, iliyosainiwa na Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na majirani zao, inazitaka nchi hizo kuhesabu kufuta au kubadili alama za silaha kinyume cha sheria kuwa kosa la jinai. Askari akikuta namba imefifia hataanza kwa kuuliza habari za kutu.

Kubadili mtutu au kipimo cha risasi ni hatari zaidi. Karatasi inataja silaha moja, mkononi ipo nyingine.

Hata faida ya mfukoni haipo. Wakusanyaji wa silaha za kale kwa kawaida hulipa zaidi kwa bastola yenye rangi yake ya kiwandani, ingawa imechakaa, kuliko iliyopakwa upya.

Kwa hiyo mwenye bastola ajiulize kwanza: tatizo ni sura au ni usalama? Kama ni sura, kitambaa laini na mafuta ya bunduki vinatosha. Kama springi imelegea au kifunga usalama hakishiki, aache kuitumia, aulize ofisi iliyompa leseni, kisha aipeleke kwa fundi mwenye kibali ndani ya nchi hiyo hiyo. Ikiwa haitengenezeki, aisalimishe polisi.

Kuvuka nayo kumfuata fundi wa bei nafuu ni kosa la kujitakia. Jumuiya imerahisisha safari ya watu na mizigo, lakini leseni ya silaha ya nchi moja si ruhusa ya kuingia nayo nchi ya pili. Na ni sawa iwe hivyo.

Serikali nazo zina wajibu. Orodha ya mafundi wenye kibali ikibandikwa kwenye vituo vya polisi vya mipakani, wachache watashawishika kwenda vichochoroni. Mwenye mali asiyejua pa kwenda huenda alikoelekezwa na rafiki.