Amali Isiyomfikia Anayeihitaji Zaidi

Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, inasema elimu ya lazima ni miaka 10: sita ya msingi na minne ya sekondari. Tangu Januari 2024 baadhi ya sekondari zimeanza kufundisha mkondo wa amali, yaani ufundi na stadi za kazi. Uamuzi huo umepigiwa makofi, na unastahili. Lakini kwa mzazi wa Tukuyu, wilayani Rungwe, mwenye mtoto mwenye ulemavu wa akili, umeacha shimo lisilovumilika: amali inaanzia kidato cha kwanza, na mwanawe hafiki huko.

Watetezi watasema walimu wa elimu maalumu ni wachache na fedha hazitoshi. Ni kweli. Watasema pia kwamba Chuo cha Patandi, Arusha, kinaandaa walimu hao, na mkakati wa elimu jumuishi upo. Ni kweli pia. Ila yote hayo yanahusu namna ya kumwingiza mtoto darasani. Hayasemi anatokaje.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Mtoto anaandikishwa kwenye kitengo cha elimu maalumu shuleni. Anafundishwa kunawa, kuvaa, kuhesabu, kuandika jina lake. Wenzake wa rika wanafanya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi na kuondoka. Yeye anabaki na wadogo zake, akipanga shanga na kupaka rangi michoro ileile. Siku mwili unapomzidi dawati, anarudishwa nyumbani bila cheti wala fundi wa kumpokea. Na nyumbani kwenyewe ni Rungwe, kwenye chai, parachichi, ndizi na maziwa! Kuchuma chai ni kutambua majani mawili na chipukizi, kuliacha jani gumu, kisha kurudia. Kijana anayejifunza polepole anaweza kuimudu kazi hiyo akielekezwa hatua kwa hatua, mwezi hadi mwezi, na mtu asiyechoka. Mbona hatuanzi kumwelekeza akiwa na miaka 13, angali shuleni?

Na tusiambiwe hakuna pa kumpeleka. Vyuo vya maendeleo ya wananchi, kikiwemo cha Katumba humuhumu wilayani, vilitokana na wazo la mwaka 1975 la kumpa ujuzi mwananchi wa kawaida, si kuwapokea waliofaulu mitihani tu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 nayo inatambua haki ya elimu na mafunzo. Miaka yote hii, nani amemwandikia kijana wa kitengo barua ya kujiunga?

Halmashauri ianze na orodha ya wanafunzi wa vitengo waliofika miaka 13. Kila mmoja apangiwe kazi ya kujifunza, mtu wa kumfundisha, nafasi chuoni, na cheti kinachotaja anachoweza kufanya. Bila hivyo, miaka 10 ya lazima ni ahadi kwa watoto wa wengine.